Bumba la nyuki, msafara wa siafu, wingu la nzige: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za muda huu. Bumba la nyuki limetua kwenye tawi juu kabisa ya gari langu. Wenzangu wanataka kuwasha moto. Mliowahi kuvamiwa na wadudu wa makundi, mlifanyaje?

Mdau 1: Huo moto acheni kwanza. Mimi nafuga nyuki. Hao wako safarini: malkia mzee kahama na karibu nusu ya wafanyakazi, mzinga kamwachia binti. Wametoka wameshiba asali, na hapo kwenye tawi hawana watoto wala masega ya kulinda, ndiyo maana mara nyingi huwa wapole kuliko wa mzingani. Ukiwa na darubini, chungulia kwa mbali: kuna wachache wanacheza juu ya wenzao huku wakitikisa tumbo. Ni wapelelezi, wanaeleza nyumba mpya iko upande gani na umbali gani. Wakishakubaliana, wanaruka wote kwa mkupuo. Inaweza kuchukua saa chache au siku kadhaa. Omba tu wasichague dari lako, maana wakishajenga humo, upole umekwisha.

Mdau 2: Na hao wa darini ndio walionitoa mbio. Shemeji alimponda mmoja shingoni, ikatoka harufu kama ya ndizi mbivu. Kumbe ndiyo king'ora chao! Ukiumwa, kwangua mwiba haraka, ingia ndani ufunge mlango. Majini usirukie, watakusubiri uibuke.

Mdau 3: Siafu, usiku wa mvua. Askari wenye vichwa vikubwa wamejipanga kandokando ya msafara, taya wazi. Nilimvuta mmoja aliyeng'ata kidole cha mguu, mwili ukakatika, kichwa kikabaki kimeshikilia. Tuliwaachia nyumba. Asubuhi hawapo, na mende nao hawapo. Sijaona dawa ya dukani iliyofanya kazi safi namna ile.

Mdau 4: Nyie mnacheza. Kundi la nzige wa jangwani linaloenea kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 40 hadi 80, na kila mmoja hula karibu uzito wake kwa siku, kama gramu 2. Sisi tulitoka na masufuria, tukapiga kelele hadi wakanyanyuka. Wakatua shamba la jirani. Hakutusalimia msimu mzima.