Klabu ina vijana 41 na simu tatu, wanataka kutengeneza filamu. Nianze kuwafundisha nini?

Ticha wa Kilosa:
Habari zenu walimu, naomba mawazo. Nasimamia klabu ya habari shuleni kwetu huku Kilosa, vijana 41 wa kidato cha pili na cha tatu. Vifaa ni simu yangu, simu za walimu wenzangu wawili na kompyuta moja ya ofisini, maana wanafunzi wenyewe simu haziruhusiwi. Muhula huu wameamua kufanya filamu fupi kuhusu mkonge, na huku kwetu kupata mzee aliyewahi kukata mkonge si kazi, nikaona wazo zuri sana. Jumamosi tukaenda, wakamhoji babu mmoja pembeni ya korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, tumerudi kusikiliza hatuambulii kitu, mashine inanguruma tu na upepo unapiga kwenye maiki, picha nayo wamezumu mpaka uso umepasukapasuka, na klipu moja ina dakika 19 maana hakuna aliyejua asimamishe saa ngapi. Simu ikajaa. Kinachoniuma ni yule babu, alisimulia vizuri mno. Sasa vijana wananiambia ticha tufundishe kuediti tuirekebishe. Nianze na kuediti kweli au kuna kitu kinatangulia?

FundiSauti:
Pole mwalimu. Programu za kupunguza kelele zipo, hata Audacity ya bure inayo hiyo kazi, ila mashine ikishaizidi sauti ya mtu utakachobaki nacho ni babu anayeongea kama yuko ndani ya pipa. Mimi ningeanza na sauti peke yake, wiki mbili bila picha yoyote. Mtu anavumilia picha ya giza, sauti mbovu anafunga anaondoka. Wape sentensi moja waisome sehemu tatu: darasa tupu, chini ya mti, na bwenini katikati ya magodoro, halafu wasikilize kwa hedifoni huku wamefumba macho. Wataona wenyewe darasa linavyorudisha mwangwi na magodoro yanavyoumeza, huna haja ya kuwahubiria. Simu ikae kama shibiri moja kutoka mdomoni, iwe imezimwa mtandao isije ikaita katikati, na waangalie tundu la maiki liko wapi maana nyingi liko chini na vijana wanalifunika na kidole bila kujua. Babu mfuateni nyumbani kwake kukiwa kimya. Korona irekodini peke yake dakika nzima, baadae mnailaza kwa chini chini nyuma ya maneno yake, msikilizaji atajiona yuko kiwandani na bado anasikia kila neno.

Mama Vipingo:
Sauti nakubali kabisa, lakini mwalimu kabla ya simu kuna daftari. Huku Kilifi, Kenya, mkonge tunao pia na nimefanya na watoto kitu kinachofanana na hicho. Kila kundi la watu watano sita lichore viboksi sita kwenye ukurasa mmoja, kila kiboksi ni picha moja ya sekunde kumi: shamba zima, mtu akiwa kazini, mikono yake, na kadhalika. Hapo unapata dakika moja. Video ya 1080p, yaani ile ya ubora wa HD, inakula kama MB 130 kwa dakika, sasa piga hesabu ile klipu yenu ya dakika 19, karibu GB 2.5 imeenda na hamna kitu. Na kuzumu kwa vidole kataza kabisa, anayetaka kukaribia atembee. Uzuri wa daftari ni kwamba simu tatu zinatosha, kundi moja likiwa nje na simu wengine wanachora, wanaandika maswali, wanabadilishana kazi, hakuna anayekaa kutazama wenzake.

Mtu wa Klipu:
Naomba nitofautiane kidogo na wakubwa. Waache waediti hizohizo klipu mbovu, jioni moja tu, waambie mkipata dakika moja inayoeleweka mmefaulu. Watakwama, na wakikwama ndo watajua hawakuchukua picha ya mikono wala ya yale majani yanavyoingia kwenye mashine. Mimi nilisomeshwa sana habari za fremu na sikuzielewa mpaka siku nilipokaa kuunganisha nikakosa kipande cha kuunganishia.

FundiSauti:
Hapo umenishawishi mkuu. Jioni moja sawa, zisizidi.

Mama Vipingo:
Na jambo la ruhusa msilisahau. Babu aambiwe wazi video itaonekana wapi, akikubali kuonyeshwa shuleni haimaanishi amekubali kuwekwa YouTube. Wanafunzi sura zao zikionekana, wazazi waridhie kwa maandishi, Tanzania mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na sisi tuna yetu ya 2019. Muziki wapige wenyewe, ngoma na makofi yanatosha, nyimbo za wasanii zina wenyewe.

Ticha wa Kilosa:
Nawashukuru mno. Jana jioni nimewapa zile dakika 19. Wamehangaika karibu saa mbili wakatoa sekunde 40, halafu binti mmoja wa kidato cha pili akauliza, ticha kwani babu alisema nini pale alipoonyesha vidole vyake? Darasa zima kimya, hakuna anayekumbuka. Nimempigia babu leo asubuhi, kasema twende Jumapili baada ya ibada, atakaa chini ya mwembe wake. Ijumaa tunafanya lile zoezi la sauti na magodoro ya bwenini, Jumamosi viboksi. Hilo swali la vidole binti ameliandika la kwanza kwenye daftari.