Wazee kupata mwenzi wa kuongea naye usiku: tupeane uzoefu, kwenu batoto balisema nini?

Yaya wa Kamalondo

Bandugu jamboni. Nimemaliza kusoma kitabu cha Mumarekani mmoja Kent Haruf, kwa kifaransa inaitwa Nos âmes la nuit, ni kadogo tu, lakini imenikalia ku roho wiki nzima ndiyo maana nimeileta hapa.

Habari iko hivi. Mama mujane mwenye miaka 70, Addie, jioni moja ya mwezi wa tano anaenda kupiga hodi kwa jirani Louis, mwalimu wa zamani, naye pia bibi yake alikufa. Anamwambia wazi kabisa: si ungekuwa unakuja kulala kwangu mara moja moja, si kwa ile mambo munafikiria, ni kuongea tu mu kitanda mpaka usingizi inakuja, juu usiku ni murefu. Basi kesho yake muzee anaingiza pijama na mswaki mu mufuko ya karatasi, anapitia njia ya nyuma ya nyumba ili watu basimuone, na mama anamwambia hapana, weye utapita kwa mulango ya mbele kama kila mgeni. Hapo nilicheka peke yangu.

Muji yao ni Holt, muji mudogo wa kubuni huko Colorado, kila mutu anajua sufuria ya mwenzake iko na nini, kwa hiyo maneno yanaanza palepale. Kisha mujukuu Jamie wa miaka 6 analetwa juu wazazi bake bameachana, Louis anamtafutia imbwa, mutoto anaanza kulala vizuri, na ninyi munaosoma munafikiria sasa ni heri tupu. Halafu anakuya Gene, kijana wa Addie. Kama hamupendi kuambiwa mwisho murukie hapa: anamwambia mama yake achague, huyu muzee ao mujukuu. Na mama anachagua mujukuu.

Nilikasirika mpaka nikaweka kitabu chini. Sasa swali yangu: kwetu Kongo, huku Lubumbashi, Likasi, Kipushi, muzazi akibaki peke yake halafu akapata mwenzi, ni nini ilifanyika? Museme ya kweli, si mahubiri.

Mutoto wa Kipushi

Yaya, hiyo ni papa yangu kabisa isipokuwa kwetu hakuna imbwa.

Papa alikuwa anashuka chini ya udongo pale Kipushi, na mgodi ilipofungwa 1993 akabaki ku kambi ya wafanyakazi, na 2003 akawa mmoja wa wale zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya leta (serikali), waliotoka na depare volontere, ndiyo kuacha kazi kwa hiari. Sisi batoto bote tulikuja Lubumbashi kutafuta maisha, ni kilometa 30 tu lakini munajua vile inakuwaka, unasema jumapili nitaenda, jumapili inafika kuko kilio fulani, ingine arusi, mwezi inapita. Mama alipokufa tulimwambia papa akuje kukaa kwetu, akakataa, akasema mu nyumba ya mutu hata ukitaka kukohola unaomba ruhusa.

Avenyi ya pili kulikuwa mama mujane anauzisha bitumbula asubuhi. Papa akaanza kwenda kumuongelesha jioni, na hapa musikilize vizuri: alikuwa anabeba kiti yake mwenyewe. Kiti ya mbao yenye mugongo ya nailoni ya bluu, anaibeba ku bega saa kumi na moja jua ingali inawaka, anasalimia kila mutu mu njia, anafika anaiweka mbele ya nyumba, si ndani, wanasikiliza redio na kubishana habari za zamani za kambi, nani alikuwa kapita (musimamizi) wa kundi gani, siku gani mposho ilichelewa. Usiku anabeba kiti anarudi. Kambi nzima ilijua, na juu alikuwa anafanya wazi watu walikosa cha kusema, utasengenya nini kwa mutu amebeba kiti mchana?

Siku moja akarudi bila kiti. Hapo simu zikaanza kulia huku mujini, kaka yangu mukubwa akaita mukutano ya familia, tukapanda taksi sisi bote na sura ya kilio. Kaka akaongea sana, heshima, jina ya mama, kanisa litasemaje. Papa akamuacha amalize halafu akauliza swali moja: tension ya damu ikinipanda saa nane ya usiku, nani kati yenu atanisikia? Hakuna aliyejibu. Dada yangu akaenda kusalimia yule mama, wakapika bukari (ugali), tukakula. Walikaa pamoja mpaka papa alipotangulia, na kwa kilio yeye ndiye alijua dawa gani alikunywa siku ya mwisho na saa ngapi.

Chauffeur wa Ruashi

Mi filamu yake tu niliona, ile ya 2017, Jane Fonda na Robert Redford. Nzuri lakini bale bazee ni bazuri kupita kiasi, meno yote iko, mwenye kuishi Holt ya kweli hawezi kuwa na meno vile 😂

Jirani wa Bel-Air

Naomba nimtetee kidogo huyo Gene, mutanisamehe. Mumesahau dada yake? Aligongwa na gari wangali watoto wakicheza wote wawili, na baada ya pale baba yao hakumsogelea tena huyu kijana. Haruf hamfanyi shetani, anamuonyesha mutu aliyekosa kitu kwao tangu udogo, sasa anaona mama yake anampatia muzee wa jirani na hata Jamie ile upole yeye hakuipata. Hiyo haimpi haki ya kufanya alichofanya. Lakini ninaijua.

Mama yetu alipopata mwenzi, mimi sikuwaza parseli, ni kusema kiwanja na nyumba, hata siku moja. Kilichonichoma ni kwamba alianza kucheka. Miaka mingi na papa mu nyumba, papa mutu mugumu, hatukumsikia mama akicheka vile, halafu mwanaume anakuya na kofia yake ya kapelo, anaeleza habari za safari ya treni ya Kalemie, mama anashika mbavu. Nilikuwa ninatoka inje. Mutu mukubwa na batoto wangu, ninatoka inje kwa sababu mama anacheka. Hakuna mutu alinieleza kwamba utaumia kwa kitu kizuri, na ninafikiri batoto bengi benye kupiga kelele ya heshima na kanisa wako na hii ndani, parseli ni kisingizio.

Avoka kijana

Wengine ndiyo, wengine ni parseli kabisa, ninaona kila siku. Kwa hiyo nieleze kidogo. Sheria ya familia ya 1987, ile ilirekebishwa 2016, inaweka batoto kuwa warithi ba kundi la kwanza. Mwenzi ambaye hamukuoana naye mbele ya leta hana kitu kwa urizi, hata kama alimwogesha muzee miaka kumi. Yaani batoto banapigana na mutu ambaye sheria imeshamtoa mikono mitupu. Na kama wazee wanataka kuoana, waende ku komini wachague kila mutu abaki na mali yake, sheria inaruhusu, batoto batulie. Na muzee anayetaka mwenzake abaki na kitu aandike wosia angali na akili timamu, asingoje ku kitanda ya lopitali ambapo kila ndugu ameshika kalamu.

Kwa mutoto wa Kipushi: yule mama wa bitumbula alibaki wapi baada ya kilio?

Mutoto wa Kipushi

Alirudi kwake avenyi ya pili, hakudai hata sahani. Dada alimpelekea redio. Na ile kiti iko kwake.

Mama wa Katuba

Nimewasoma bote kimya, sasa niseme. Hiyo habari ya kubeba kiti mchana ni ya mwanaume. Mimi ningebeba kiti kwenda kukaa mbele ya nyumba ya mwanaume mujane ningefika mwisho wa avenyi? Bwana yangu alikufa na siku arobaini haijatimia wifi zangu walishauliza kama sikumula kwa uchawi. Unavaa nguo ya rangi, wamesema. Unanunua nyama, nani amekupa feza. Ndiyo maana huyo Addie mi ninampenda kuliko Louis, juu ni yeye aliyevuka barabara. Mwanaume akipita mulango ya mbele wanamuita jasiri, mwanamuke akifungua ule mulango wanamuita jina ingine.

Na yaya, umekasirika bure. Mwisho wa kitabu si kwamba Addie alichagua mujukuu kisha basi. Alianguka akavunjika nyonga, kijana akamhamisha karibu naye, na kutoka kule yeye mwenyewe ndiye anashika telefoni usiku anampigia Louis, wanaongea kila mutu mu kitanda yake mu muji yake. Batu banasema mwisho wa huzuni. Mi nilifunga kitabu nikasema lakini hii ni maisha yangu.

Niko na mutu. Ana miaka yake, anakaa Likasi, batoto bake hawanijui, bangu hawamjui. Usiku saa tatu batoto na bajukuu banalala, ninaingia chumba ninazima taa, ninalala na simu ku sikio ya kushoto juu ya kuume inasikia vibaya. Tunaongea mambo ya bure kabisa: magoti, bei ya unga, mavuno ya mahindi yake, nani amekufa. Siku ingine hatuongei, ninamsikia anapumua na imbwa za Likasi zinabweka. Akilala wa kwanza ninakata. Nikilala wa kwanza, anakuaka na hasira asubuhi juu forfe (dakika za simu alizonunua) imekulwa bure.

Bikira Maria anisamehe kama ni zambi. Mi sioni zambi.

Jirani wa Bel-Air

Mama, mwambie binti yako mmoja tu. Si bote. Siku ukinyamaza nani atamjulisha yule baba wa Likasi? Atapiga simu inaita tu.

Mama wa Katuba

Hiyo umesema kweli. Hiyo sikuiwaza.

Binti yangu Kalufua labda, ana kichwa kigumu lakini anajua kufunga kinywa. Nitaona pasaka.

Yaya wa Kamalondo

Mama aksanti sana, nimerudia kurasa za mwisho sasa hivi, uko na haki. Kuna bengine? Bale ambao wazee wenu walikataa mwenzi, nao baseme. Kitabu ni ya rafiki yangu wa Kasapa, mwenye kuihitaji tupange foleni, musikunje kurasa.

Na mama, nauliza kwa heshima: kati yenu nani anapigaka simu wa kwanza?

Mama wa Katuba

Yeye. Mi ninabipu tu, mega zangu ni za kanisa.