Tamthilia za kale shuleni: zilikujenga au zilikuchosha? Tupeane uzoefu

MzaziLanet

Hamjambo wanajamvi. Kwenye mkutano wa wazazi hapa Nakuru muhula huu, baba mmoja alisimama akauliza kama watoto wa Gredi ya 10 nao watabebeshwa michezo ya kuigiza ya Uingereza na Norwei iliyoandikwa enzi za babu wa babu zetu. Akapigiwa makofi. Mwalimu wa Kiingereza akajibu kwa mkato, tukahamia habari ya karo.

Falsafa sitaki. Nataka mtu aseme alisoma nini na kilimfanya nini. Mimi nilisoma *The Merchant of Venice* ya Shakespeare, na nilichobaki nacho ni mkopeshaji Shailoki, ratili yake ya nyama na dukati 3,000, basi. Ingawa siku niliyobanwa nikaenda kukopa kwa shailoki mjini, ile karatasi yake niliisoma hadi herufi za chini kabisa kabla sijatia sahihi. Haya, karibuni.

NyarNyalenda

Sisi ni lile kundi la *A Doll's House* ya Mnorwei Ibsen. Darasa letu lilikuwa likisoma mwongozo tu: muhtasari, sifa za wahusika, maudhui. Ukishakariri hayo, insha ya alama 20 inajijaza yenyewe. Kitabu chenyewe kilikuwa kwenye sanduku bwenini, kinanukia upya.

Kisha kikaja kikundi cha waigizaji, wale wanaozunguka shule kwa shule na setibuku, yaani vitabu vya lazima vya mtihani. Tukajazana ukumbini. Torvald akimwita mkewe Nora kindege, mara kindi, mara anamchunguza kama amekula peremende, wasichana wanazomea. Lakini pale mkopeshaji Krogstad anapoitoa ile hati ya deni! Nora amekopa pesa za kumpeleka mumewe Italia kutibiwa, na aliyemdhamini ni babake. Babake alikufa tarehe 29 Septemba. Sahihi imewekwa tarehe 2 Oktoba. Maiti ametia sahihi! Ukumbi ulipasuka. Hakuna aliyehitaji mwongozo hapo, kwa sababu nani kati yetu hakuwa na mama, shangazi au jirani aliyechukua mkopo wa chama mume asijue? Mama yangu alikuwa ameweka dhamana friji ya samaki, na baba akiendelea kutembea nyumbani kama mwenye friji.

Madam wetu ndiye aliyetuambia kwamba kule Ujerumani, mwaka 1880, mwigizaji mkuu alikataa kucheza mama anayeacha watoto, Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine ambamo Nora anabaki. Mwenyewe aliuchukia. Tulibishana hadi kengele ya prepu ikalia. Mimi nilikuwa upande wa Nora abaki na bado niko huko, nitukaneni mkitaka.

StendiYaKakamega

Mulembe. Napinga, na sitazunguka. Kundi letu la miaka ya tisini lilipewa *Romeo and Juliet*. Tulikuwa shule ya kutwa huko Vihiga, vitabu vichache, watu watatu dawati moja. Mwalimu anasoma mstari, anasimama, anaeleza kwamba huu ulikuwa utani. Anaandika ubaoni kwa nini ni utani. Tunanakili. Sijawahi kuona watu wakinakili kichekesho kwa nyuso za huzuni namna ile.

Na shule yenyewe iko Maragoli! Francis Imbuga, mwandishi wa tamthilia, alikuwa mtoto wa huko huko. *Betrayal in the City* ilitoka 1976, mwaka uliofuata ikapelekwa Lagos kwenye FESTAC, lile tamasha la sanaa za Waafrika, kuiwakilisha Kenya. Mimi hilo la Lagos nimelijua nikiwa na watoto wangu. Verona, mji wa Romeo, tulichorewa ramani. Mtu aliyezaliwa ng'ambo ya kilima hakuna aliyemtaja. Mnataka nishukuru?

KondeleJioni

Omera, hapo umenena, ila nikuulize. Mbona Imbuga mwenyewe hakuandika "Kenya"? Aliandika Kafira, nchi ya kubuni. Unafikiri alisahau anakoishi?

StendiYaKakamega

Sijasema asiende mbali. Nimesema aanze karibu.

ChakiNaVumbi

Nilifundisha Kiingereza miaka mingi, mingi yake ikiwa viunga vya Nakuru, shule ya mseto. Sasa nimestaafu, nafuga kuku. Nitaeleza moja tu.

Mnaijua Januari 2008 ilivyokuwa hapa kwetu, zile ghasia za baada ya uchaguzi. Shule zilipofunguliwa, nilirudi kwenye darasa lenye mapengo. Wengine walikuwa wamehamishwa, wengine wanatoka asubuhi kwenye hema za wakimbizi wa ndani kule uwanja wa maonyesho, na waliobaki wamejipanga madawati yao upya bila kuambiwa na mtu. Ukiangalia unajua nani amekaa na nani na kwa nini. Mkuu wa shule alitukataza kabisa kuzungumzia siasa darasani, na sikumlaumu.

Nilikuwa msimamizi wa chama cha maigizo. *Julius Caesar* haikuwa setibuku ya mwaka ule, lakini nilikuwa na nakala yangu iliyochakaa. Nikachagua kile kipande kifupi ambacho walimu wengi hukiruka: Kaisari ameshauawa, Antoni ameshahutubia umati umewaka, na sasa wananchi wanakutana njiani na mtu anayeitwa Sina. Wanamuuliza maswali manne. Jina lako nani? Unakwenda wapi? Unaishi wapi? Una mke au huna? Bahati yake mbaya, jina lake ni sawa na la mmoja wa waliomuua Kaisari. Anajitetea: mimi ni Sina mshairi, siye yule. Wanamrarua hata hivyo. Shakespeare aliandika hayo mwaka 1599 hivi.

Kijana aliyekuwa mwananchi wa kwanza alisahau maneno yake. Badala ya kuuliza jina akasema, "Toa kitambulisho." Yule aliyekuwa Sina, sijui hata kama alijua anachofanya, mkono ukaenda mfuko wa shati.

Msichana mmoja akatoka nje. Wengine walibaki. Nilitaka kuwasimamisha, nikaona heri waendelee, wakamaliza. Jumamosi iliyofuata walikuja wengi kuliko kawaida, hata wasio wanachama, na wakataka tukirudie kile kile, wakibadilishana nafasi. Aliyekuwa umati anakuwa Sina. Wao ndio waliopanga hivyo, si mimi. Baada ya hapo ndipo wakaanza kusemezana, kwanza kuhusu Roma, halafu kuhusu barabara ya kwenda kwao.

Ndugu wa Kakamega, nakuheshimu, na Imbuga nimemfundisha kwa furaha. Lakini wiki ile ningeleta mchezo wenye majina ya mitaa ya Nakuru, mkuu angenifungia chumba na wazazi wangenifuata nyumbani. Roma ilikuwa mbali kiasi cha kutosha, na hakuna mzazi aliyekuja kuuliza tunafanya nini.

StendiYaKakamega

Mwalimu, shikamoo. Hiyo sina jibu lake. Bado nasema watoto wasinakilishwe utani.

ChakiNaVumbi

Marahaba. Kwa hilo tuko pamoja. Mchezo ukisomwa umekaa ni adhabu.

MahindiChwele

Langu ni jepesi. Bungoma, tulisoma *The Government Inspector* ya Gogol, Mrusi wa 1836: mji mzima wa wala rushwa unasikia mkaguzi anakuja, unamshika karani mdogo mpita njia na kumlisha. Tukiwa katikati ya kitabu, si shule yetu ikasikia wakaguzi wanakuja! Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Maharagwe yakapata nyama. Maktaba ikafunguliwa, nikaiona kwa ndani mara ya kwanza. Gari likaingia, akashuka bwana mwenye tai, naibu mkuu akamkimbilia, akaandaliwa chai ya maziwa na mayai. Alikuwa anauza bima. Kuanzia siku hiyo naibu hakuitwa jina lake tena.

KondeleJioni

Nimecheka hadi abiria wenzangu wamenigeukia. Swali kwa wote: kwani ni lazima ziwe kwa Kiingereza? Nyerere alitafsiri *Julius Caesar* ikachapwa 1963, akairekebisha ikatoka 1969 kama *Juliasi Kaizari*, na mwaka huo huo ikaja *Mabepari wa Venisi*. Mushi naye ana *Makbeth*. Mwaka 2012 kikundi cha Wakenya kilicheza Shakespeare kwa Kiswahili pale ukumbi wa Globe, London, na Mrisho Mpoto wa Tanzania akiwa Falstaff, yule mzee tumbo. Watu wa London wakakaa kusikiliza Kiswahili. Sisi huku Kisumu tunakariri mwongozo wa Kiingereza. Kama kuna mwenye nakala ya *Kaizari* ninunue, aseme bei.

NyarNyalenda

Angalia kwa wauza vitabu vya mitumba mjini, ila uwe na subira. Mimi nilipata *Mabepari* imekatika jalada. Ile hotuba ya Shailoki kwa Kiswahili niliisoma jikoni kwa sauti, ugali ukaungua.

MzaziLanet

Asanteni. Mwalimu ChakiNaVumbi, hicho kipande cha Sina ni sehemu ya ngapi? Shule ya mwanangu ina chama cha maigizo na patroni ni kijana mpya, anauliza aanze na nini. Na isiwe ya gharama, maana maleba hakuna.

ChakiNaVumbi

Sehemu ya tatu, onyesho la tatu. Hakifiki kurasa mbili. Kinataka watu watano: Sina na wananchi wanne. Maleba si lazima, sare za shule zatosha. Mwambie asiwape fimbo mkononi, na asipange yeye nani awe Sina.