Likembe ya babu ndani ya plagini: noti zinaruka, na piano inazigomea

Mwana wa Kadutu, Bukavu
Jambo ndugu zangu. Natengeneza plagini (programu ndogo inayoingia ndani ya programu ya muziki) ya likembe, ile ala ya ndimi zinazopigwa kwa vidole gumba. Babu aliniachia yake yenye ndimi 11, nami nimerekodi kila ulimi usiku, pikipiki zikiisha kupita.

Nimekwama mara mbili. Kwanza, nikisukuma gurudumu la kukunja noti, sauti haitelezi, inarukaruka. Nimeiruhusu ikunjike nusu toni 12 (hatua 12 za piano) juu na 12 chini. La pili linaniuma zaidi. Ulimi mmoja unalia kwenye 428 Hz: si noti ya La ya 440, wala si noti iliyo chini yake. Rafiki wa kwaya ananiambia ndimi zote zifuate piano. Nilijaribu, ikatoka safi, lakini haikuwa tena likembe ya babu. Mngefanyaje?

Fundi wa Katuba, Lubumbashi
Mdogo wangu, hilo la kuruka ni jepesi. Katika MIDI, lugha ya vinanda na kompyuta kupashana noti, ujumbe wa kukunja noti hubeba namba mbili za biti 7, kila moja ikiwa na hatua 128: ndogo hutangulia, kubwa hufuata. Ukiziunganisha unapata hatua 16,384, katikati ikiwa 8,192. Nadhani unasoma ile kubwa peke yake, kwa hiyo umebaki na hatua 128. Nusu toni moja ni senti 100, kwa hiyo upana wako ni senti 2,400, basi kila hatua ni karibu senti 19. Lazima sikio lishtuke! Halafu anzia nusu toni 2 kila upande, ndivyo vinanda vingi vilivyozoea. Anayetaka zaidi ataongeza mwenyewe.

Mwanakwaya, Goma
Mimi niko na huyo rafiki yako. 428 ikikutana na gitaa na kinanda, zitagombana Jumapili nzima. Inyooshe.

Fundi wa Katuba, Lubumbashi
Yaya, usimfanye aifute sauti ya mzee. Kadutu, rekodi usiziguse. Andika tofauti ya kila ulimi kwa senti. Huyo wa 428 yuko senti 48 chini ya La. Kasi ya kucheza sampuli, yaani rekodi ya ulimi, ni 2 kwa kipeo cha senti ulizogawanya kwa 1,200. Kisha weka kitufe kimoja cha kuzungusha: kushoto kabisa likembe ya babu, kulia kabisa piano. Mwanakwaya atazungusha kulia, wewe utabaki kushoto.

Kitufe cha nusu toni kitenge na cha senti. Anayetafuta senti 5 asijikute amehama noti.

Mama wa Ibanda, Bukavu
Mimi si mtu wa kompyuta, ila likembe napiga. Ulimi ukiwa chini, tunausukuma ndani kidogo. Sehemu inayotetemeka inafupika, sauti inapanda. Ukiuvuta nje, inashuka. Kwa nini mwanangu uweke namba tu? Chora ndimi zenyewe, mtu azisukume kwa kidole.

Mwana wa Kadutu, Bukavu
Yaya Fundi, ni kweli, nilikuwa nasoma namba moja tu. Sasa inateleza kama mafuta. Aksanti sana.

Mama, nimechora ndimi zote 11, na senti zinaonekana ndogo pembeni ukigusa ulimi. Jana nilicheza bila kaske (spika za masikioni), kitufe kikiwa kushoto kabisa. Mama yangu akaita kutoka jikoni: nani ameshika likembe ya baba?