Goti lililovunjika zamani: nibadilishe sasa, ninyooshwe mfupa au niendelee na sindano?

Mwana Ujiji
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Mimi mkulima wa michikichi hapa Ujiji, miaka 46. Mwaka 2009 nilianguka toka juu ya mchikichi nikiwa navuna, mguu wa kulia ukatangulia chini, mfupa wa ugoko ukapasuka pale juu kabisa unapoingia kwenye goti. Nikawekewa plati na skrubu, nikapona, nikarudi shamba na kwa kweli nikasahau kama niliwahi kuumia. Sasa huu mwaka wa nne goti linaniamsha usiku, asubuhi hatua za kwanza lazima nishike ukuta, na mguu umeanza kupinda kama upinde, goti linaenda nje. Nilichomwa sindano ya kwenye goti nikakaa miezi miwili kama kijana, ya pili ikanipa wiki tatu tu. Sasa daktari mmoja ananambia nikaweke goti bandia, mwingine anasema bado kijana ninyooshwe mfupa kwanza, na nyumbani mzee anasema nivumilie, mbona yeye anavumilia. Naombeni waliopita njia hii. Mimi nachuchumaa shambani kutwa nzima na swala tano naswali chini.

Fizio Mwanga
Pole sana kaka. Kwanza uelewe kilichotokea maana watu wengi wanadhani ni uzee. Mfupa ukipasuka mpaka ndani ya kiungo, gegedu lile laini linalofunika ncha za mifupa linaumia na halioti tena kama zamani, na uso wa mfupa ukiunga bila kulingana hata kidogo, uzito unaelemea sehemu moja kila hatua mwaka baada ya mwaka. Ndo maana uliumia 2009 ukasikia maumivu baadae sana. Ni hivyo hivyo kwa waliokatika ligamenti wakicheza mpira.

Sindano ya steroidi inatuliza uvimbe, haijengi kitu humo ndani. Ikishakupa wiki tatu tu ndo imefika mwisho wake hiyo, usikimbilie ya tatu. Na kama una mpango wa goti bandia, madaktari wanataka ipite miezi mitatu hivi toka sindano ya mwisho, ukikatwa mapema hatari ya maambukizi inapanda. Alafu hivi vidonge vya diklofenaki mnavyonunua dukani kila wiki nawaombeni jamani, vinachoma tumbo na vinaumiza figo, na mwenye presha ndo kabisa.

Cha kuanza nacho leo bila kupanda treni: mazoezi ya msuli wa mbele wa paja, fimbo ushike mkono wa KUSHOTO maana mguu mbovu ni wa kulia, na kama mwili umeongezeka upunguze. Kilo 1 ukiipunguza, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kila hatua.

Nyonga Mpya
Mkuu mimi niko Tabora mjini. Ajali ya basi ilinitoa nyonga, ikarudishwa, baada ya miaka kichwa cha paja kikafa kwa kukosa damu na kusagika. Nilibadilishiwa nyonga MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na siku ya pili tu nilisimamishwa na fremu ya kutembelea. Maumivu yale ya usiku yaliondoka, nalala. Ila nisikudanganye, nyonga na goti ni vitu viwili. Nyonga unaisahau haraka, goti linataka uhangaike nalo kulikunja miezi mitatu ya kwanza huku unaumwa, na linaendelea kupata nafuu mpaka mwaka.

Kuhusu umri, kuna uchambuzi ulitoka kwenye jarida la Lancet 2019, walitumia takwimu za Australia na Finland wakaona magoti bandia kama 82 kati ya 100 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Inatia moyo, ila hapo wengi ni wazee. Uingereza waliangalia wanaume waliowekewa wakiwa miaka 50 hadi 54, kama 35 kati ya 100 watahitaji kurudiwa kabla ya kufa. Wewe una 46 na unafanya kazi ngumu, hapo ndo penye swali lako.

Urambo 74
Naomba mnisikilize kwenye moja tu, CHUMA CHA ZAMANI. Mimi nilivunjika goti kwa trekta, kidonda kilikua wazi, kilitoa usaha kikapona. Miaka 17 baadae nikaenda hospitali moja binafsi nikawekewa goti bandia, hakuna aliyeuliza habari za usaha wala kupima. Miezi miwili goti likawa la moto, jekundu, linatoa maji. Ikabidi litolewe lote, nikawekewa saruji ya mifupa yenye antibayotiki, nikakaa hivyo miezi sijui naishije, ndo nikawekewa jingine. Natembea sasa namshukuru Mungu lakini halikunji hata nusu.

Kwahyo kabla ya yote uliza: nitapimwa damu ya kuonyesha maambukizi yaliyojificha? Watavuta maji ya goti wayapime? Plati itatolewa siku hiyo hiyo au itatangulizwa kutolewa? Watapita kwenye kovu lile lile? Goti lililowahi kuvunjika lina hatari kubwa kuliko goti la mzee lililoisha lenyewe, na anayekwambia ni sawa sawa mkimbie. Meno mabovu na sukari navyo vishughulikiwe kabla.

Dada Gungu
Kaka mimi niongelee hiyo ya kuchuchumaa maana nimemuuguza mama. Goti bandia wengi linakunja nyuzi 110 mpaka 120 hivi, kuchuchumaa kabisa kunataka zaidi ya hapo. Na goti likishakakamaa kabla ya operesheni basi hata jipya linakua gumu. Mama anaswali kwenye kiti, mwanzo alilia kweli, imamu akamtuliza kwamba mgonjwa ana ruhusa. Choo tulijenga cha kukaa KABLA hajarudi. Na michikichi kaka, kupanda tena hapana. Tafuta vijana wa kuvuna.

Mwana Ujiji
Nimesoma mara mbili, ahsanteni mno. Dada Gungu umenigusa. Fizio, hii ya kunyoosha mfupa ikoje hasa, na kwa nini mmoja aiseme na mwingine asiiseme?

Fizio Mwanga
Wanakata ugoko chini kidogo ya goti, wanaufungua kama kabari, wanaweka plati, mguu unanyooka na uzito unahamia upande ambao bado mzima. Unabaki na goti lako, unaweza kuendelea na kazi nzito, na wengi wanapata kama miaka 10 kabla ya kuhitaji bandia. Ubaya wake ni magongo wiki kadhaa mpaka mfupa uunge, maumivu hayaishi yote, na goti bandia la baadae linakua na kazi zaidi kulifanya. Inafaa TU KAMA ulioisha ni upande wa ndani tu, goti linakunja vizuri na halichezi ovyo. Kama pande zote zimesagika, kunyoosha ni kupoteza muda.

Kwa maelezo yako ya mguu kupinda naona ina nafasi, lakini huwezi kujua kwa picha ya umelala. Piga eksirei UMESIMAMA, mguu wote toka nyonga hadi kifundo.

Nyonga Mpya
Na ukienda Dar usipange kurudi wiki ya pili baada ya nyuzi za kidonda kutolewa. Kigoma ni zaidi ya km 1,200 kwa reli, kukaa siku nzima mguu haujanyooshwa na damu inaweza kuganda. Kaa kwa ndugu wiki sita, fizio, yaani mtu wa mazoezi ya viungo, awe karibu. Na bima ulizia kibali cha kipandikizi (hilo goti bandia lenyewe) mapema, kabla hujakata tiketi.

Mwana Ujiji
Sawa wakuu. Jumatatu naenda hospitali ya mkoa Maweni kuomba eksirei ya kusimama na barua ya rufaa. Picha za 2009 mama alizihifadhi juu ya kabati, nimezishusha leo, zina vumbi lakini plati inaonekana vizuri na skrubu zote sita. Nitazipeleka. Urambo 74, ile dawa ya kwanza uliyopewa kwa usaha unaikumbuka? Mimi nami kidonda kilichelewa kufunga kama wiki tatu, nilikua sijawahi kumwambia daktari yeyote.

Urambo 74
Siikumbuki mdogo wangu. Hilo la wiki tatu mwambie Jumatatu, likiwa la kwanza kabisa.