Majabali ya Masasi: tetemeko moja linainua mlima kiasi gani?

Mwalimu_Chikundi
Habari zenu wakuu. Kidato cha tatu hapa Masasi tuko kwenye nguvu za ndani ya dunia. Wanafunzi wanauliza: tetemeko moja huinua mlima kiasi gani? Na haya majabali yetu yametoka wapi, mbona ardhi imetulia?

Mpimamiamba
Pole na kazi, mwalimu. Huinua kidogo, na pengine hushusha. Nepal, tarehe 25 Aprili 2015, kipimo 7.8: eneo la Kathmandu lilipanda karibu mita 1, ila vilele vya kaskazini yake vilishuka makumi ya sentimita. Bamba la India, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, hujisukuma chini ya Himalaya kama sentimita 2 kwa mwaka, lakini ufa ulio kati yao umekwama, basi milima ya nyuma inabanwa na kutuna. Ufa ukiachia, mwamba wa juu unateleza kwenda kusini: mbele panainuka, nyuma panalegea. Kinachosalia baada ya mizunguko mingi ndicho mlima. Wape hesabu: mita 1 kila miaka 500 ni milimita 2 kwa mwaka, na kwa miaka milioni 2 ni kilomita 4, kabla hujatoa kilicholiwa na mvua na maporomoko.

Ruvuma_Juu
Hapo kwenye kutoa ndipo Masasi inapoingia. Majabali yale ni mizizi ya safu ya milima iliyoinuka mabara yalipogongana, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Safu yenyewe imeshalika. Tafuta jiwe lililopasuka karibuni: mistari myeupe na myeusi imejipinda kama mkeka uliosukumwa pembeni. Jiwe baridi halipindi hivyo, huvunjika. Lile lilikuwa kilomita nyingi chini, kwenye joto la nyuzi zaidi ya 500.

Tafadhali usiichanganye na Newala. Uwanda wa Makonde, ilipo Newala, ni mashapo (mchanga uliotuama na kugandamana), matabaka yamelala, yameinuliwa bila kukunjwa. Ndiyo maana maji huzama pale juu, watu wakayafuata bondeni.

Mwalimu_Chikundi
Nimeelewa sana, asanteni. Naweza kuwaonyesha darasani?

Mpimamiamba
Boksi lenye upande wa kioo. Tandaza mchanga mkavu na unga kwa zamu, sentimita 1 kila tabaka, matabaka 5. Sukuma kwa ubao polepole, sentimita 6 hivi. Tabaka litapanda juu ya jingine kwenye ufa wa mshazari. Mchanga ukiwa mbichi unashikana na kumeguka mabonge, ufa hauonekani, uanike kwanza. Ukisukuma kwa pupa, matabaka yanavurugika. Na mikunjo ya Masasi usiitafute humo: hiyo onyesha kwa vitambaa vitatu mezani, maana mwamba wenye joto hukunjwa, wa baridi hupasuka.