Mama ameacha vidonge vya presha, anakunywa unga wa maganda ya machungwa. Nishaurini

Mdigo wa Pongwe:
Wakuu, salaam. Mama yangu ana miaka 63, anatumia nifedipini ya presha. Wiki mbili zilizopita alinunua hapa Tanga mjini, pale Mgandini, kopo la unga wa maganda ya machungwa ya Muheza. Muuzaji akamwambia una "flavonoidi", unatibu presha na sukari, vidonge aweke kando. Na kila asubuhi anakamua balungi zima. Nikimgombeza ananijibu, "Mwanangu, mimi nimekula machungwa tangu hujazaliwa." Hizo flavonoidi ni kweli au tunapigwa?

Mama Ntilie:
Shikamoo yake mama. Kumgombeza acha, mtu mzima hagombezwi. Kaa naye, mnywe chai, umuulize ni kitu gani kinachomsumbua kwenye vidonge. Mimi mume wangu aliviacha kwa sababu miguu ilikuwa inamvimba, kumbe dawa ingeweza kubadilishwa tu.

Mfamasia Mstaafu:
Zipo kweli, mdogo wangu, ni kemikali za asili za mimea. Ganda la chungwa lina mojawapo, hesperidini, kwa wingi. Kutokana nayo viwandani hutengenezwa diosmini, ambayo ni vidonge vya bawasiri na mishipa ya miguu. Wala si habari mpya: mwaka 1936 mwanasayansi Szent-Györgyi wa Hungaria aliziita flavonoidi vitamini P, baadaye ikaonekana si vitamini. Kuwepo kwenye ganda ni jambo moja, kushusha presha ya mama ni jingine. Nyingi hazifyonzwi vizuri tumboni, na iliyofanya kazi kwenye kichupa cha maabara huenda isifike mwilini kwa kiasi kile. Kopo la Mgandini halina kipimo, hujui anakunywa kiasi gani.

Ila kinachonitisha mimi ni balungi. Lina furanokumarini, kemikali nyingine za mimea ambazo si flavonoidi, zinazozuia kazi ya kimeng'enya cha utumbo kinachopunguza nifedipini kabla haijaingia kwenye damu. Akirudi kwenye vidonge huku anakunywa juisi hiyo, dawa itazidi mwilini: presha inashuka kupita kiasi, kizunguzungu, miguu kuvimba. Kuachanisha saa hakusaidii, maana glasi moja hukaa na athari zaidi ya siku. Danzi nalo ni hivyo hivyo. Chungwa tamu la kawaida halina shida.

Bwana Chumbageni:
Mzee, na rosela? Bibi yangu anainywa kila siku.

Mfamasia Mstaafu:
Rosela imejaribiwa kwa watu, hushusha presha kidogo. Kidogo, lakini. Anywe bila sukari na vidonge vyake aendelee navyo, na daktari ajue. @Mdigo, mpeleke mama kupima leo, si kesho. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi bila kubisha hodi. Na kopo mwende nalo.

Mdigo wa Pongwe:
Mrejesho, wakuu. Jana ilikuwa 178 kwa 104. Nilifuata ushauri wa Mama Ntilie: kumbe ni kichwa kilikuwa kinamgonga kila akimeza nifedipini, na alikuwa anaona haya kusema. Daktari amembadilishia dawa. Unga amekubali kuuacha, kopo anatilia karafuu. Mabalungi nimempelekea jirani, ila nilimuuliza kwanza anatumia dawa gani.